Mashine Iliyobisha Hodi kwa Marehemu

Ipo nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwa woga, la hasha. Ni kwa adabu tu, maana wenyewe hawapendi kutajwa kabla hawajaombwa ruhusa, na ombi langu la ruhusa nililipeleka mwaka juzi na bado linashughulikiwa. Nawe msomaji usianze kukonyezana na jirani yako. Nchi hiyo iko mbali sana, na huko kwenu najua hakuna mambo ya namna hii.

Katika nchi hiyo kulikuwa na Wizara ya Mafaili na Subira. Ndani ya Wizara kulikuwa na Idara ya Ufunguzi, na ndani ya Idara kulikuwa na kompyuta moja. Barua zote za serikali ambazo zimekwisha kuamuliwa, zile zisizo na ubishi tena, zilihifadhiwa humo. Kazi ya Idara ilikuwa nyepesi: kufungua faili, kuchapa barua, kumpelekea Mkurugenzi aitie saini. Idara ilikuwa na watumishi hamsini na wanne, na kwa muda wa miaka sita hawakuwa wamefungua hata faili moja.

Usiwaite wavivu, utapata dhambi. Kila siku saa moja na nusu asubuhi Karani Mkuu aliiwasha kompyuta mbele ya mashahidi wawili, akachagua faili la siku hiyo, akalibofya mara mbili kama kanuni ilivyoagiza, kisha watumishi wote wakaketi kulitazama. Katikati ya kioo kilitokea kiduara kidogo, kikaanza kuzunguka. Kilizunguka mpaka saa ya chai, kikazunguka mpaka saa ya chakula, kikazunguka mpaka saa tisa na nusu alasiri, ambapo kengele ililia na mashine ikazimwa, kwa kuwa Kanuni ya Umeme haikuruhusu mashine ya serikali kufanya kazi nje ya saa za serikali. Kesho yake wakaanza upya, na faili lile lile.

"Mashine inafikiri," makarani waliwaambia watu waliokaa kwenye benchi la nje. Watu wakaridhika. Ilikuwa faraja kusikia kwamba katika Wizara nzima kuna kitu kinachofikiri.

*

Miongoni mwa waliokaa kwenye benchi hilo alikuwa Sikudhani binti Lukinga. Baba yake, mkulima wa mahindi, alikamatwa siku ya Sikukuu ya Taifa kwa sababu alipiga miayo Waziri alipokuwa katika saa ya nne ya hotuba yake. Shitaka lilisomeka: "Kupiga miayo hadharani kwa nia ya kuambukiza." Na tuseme kweli, baada ya Mzee Lukinga kufungua kinywa, safu tatu za wananchi zilimfuata, na mbele kabisa balozi mmoja wa nchi rafiki.

Hakimu, hata hivyo, alikuwa mtu wa haki. Alisikia kwamba mzee alikuwa amekesha siku mbili akilinda shamba lake dhidi ya nguruwe pori, na wiki ile ile akamwona hana hatia. Barua ya kumwachilia ikapigwa, ikahifadhiwa ndani ya kompyuta, tayari kufunguliwa. Huu sasa ulikuwa mwaka wa tano.

Hakuna aliyebisha kwamba Mzee Lukinga ni mtu huru. Mkuu wa Gereza mwenyewe alikuwa akimwambia Sikudhani kila Jumapili, kwa heshima zote, "Binti, baba yako si mfungwa. Ni mtu huru anayesubiri karatasi." Ni kweli alikula chakula cha wafungwa, akalala na wafungwa, akaponda kokoto na wafungwa, lakini majina yalipoitwa asubuhi, lake liliitwa likitanguliwa na neno "Bwana."

Sikudhani alikaa benchi miaka miwili. Aliposikia kwa mara ya mia nne kwamba mashine inafikiri, uvumilivu ukamwisha. Alikwenda mjini kusomea ufundi wa kompyuta, akiuza maandazi asubuhi na kuingia darasani mchana, mpaka akapata cheti. Akarudi nacho Idarani, akaajiriwa kwa barua ya mkono kuwa Fundi Daraja la Tatu. Fundi wa Daraja la Kwanza na wa Pili hawakuwepo. Barua zao za ajira zilikuwa ndani ya kompyuta.

*

Mkurugenzi wa Idara, Mheshimiwa Festo Malimbwi, alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Alimpokea Sikudhani vizuri, akamwagizia chai.

"Usidhani tumekaa bure, binti yangu," alimwambia. "Tatizo la mwendo wa faili tumelichunguza kitaalamu."

Akafungua kabati, akatoa taarifa tatu zilizojaladiwa kwa ngozi.

Ya kwanza ilikuwa ya Kamati ya Uzito. Mtaalamu mmoja mpita njia alikuwa amesema kwamba huenda faili ni zito. Kamati ikaazima mizani ya mahindi sokoni, ikaipima kompyuta faili likiwa ndani, kisha ikaipima faili likiwa limetolewa. Mara zote mbili ilikuwa kilo kumi na moja na nusu. Baada ya majadiliano ya wiki tatu Kamati ilihitimisha kwamba faili ni zito, ila mizani haina uzalendo.

Taarifa ya pili ilisema mashine imechoka. Ikapewa likizo ya siku ishirini na nane, ikapelekwa nyumbani kwa Naibu Mkurugenzi, penye hewa nzuri, ikawekwa sebuleni na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Ilirudi ikiwa imenawiri lakini mwendo ni ule ule.

"Ndipo tukanunua mpya," alisema Mkurugenzi, akigusa taarifa ya tatu. "Hii unayoiona. Ina nguvu mara hamsini ya ile ya zamani. Waziri mwenyewe alikuja kuizindua. Tukahamishia humu kila kitu kilichokuwa katika ile ya kwanza, hatukuacha hata kimoja. Nayo ikaanza kufikiri."

"Kila kitu, mheshimiwa? Pamoja na nini?"

"Pamoja na urithi," alijibu Mkurugenzi, akateremsha sauti kama mtu aliyeingia msikitini.

Hotuba ya Waziri ya siku ile ya uzinduzi ilikuwa imetundikwa ukutani, katika fremu. "Ndugu wananchi," ilisema, "ziko nchi ambazo faili likiguswa tu, linafunguka. Hivi hilo ni faili, au ni mlango wa choo cha stendi? Faili letu lina heshima zake. Halimfungukii kila mpita njia." Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Makofi, dakika kumi na moja.

*

Sikudhani alianza kazi kama alivyofundishwa. Alitengeneza faili tupu, lisilo na herufi hata moja ndani yake, akalibofya. Kiduara kikazunguka mpaka saa tisa na nusu. Akajua basi kwamba tatizo si faili. Kesho yake alichomoa waya wa mtandao, na mashine ikakataa kabisa. Kwenye kioo yakatokea maneno: "Siwezi kuingia bila kubisha."

Akayatazama maneno yale kwa muda, kisha akaenda kwa Bi. Kuruthumu, katibu muhtasi, aliyekuwa Idarani tangu enzi za Mkurugenzi wa Kumi na Moja.

"Bibi, hii mashine inambishia nani hodi?"

Bi. Kuruthumu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Inawabishia wakubwa, mwanangu. Tena ina adabu, si kama ninyi vijana wa leo."

Akamweleza. Mashine ya kwanza ilipoletwa, Mkurugenzi wa Kwanza alisema haiwezekani faili lifunguliwe ndani ya Idara yake bila yeye kujua. Wakaiunganisha na kompyuta ya mezani kwake. Kabla ya kufungua faili lolote, ilitakiwa ibishe hodi kwake na kungoja aseme karibu. Alipostaafu, Mkurugenzi wa Pili naye akataka abishiwe hodi, na ni haki yake. Lakini nani angethubutu kumfuta wa Kwanza? Ikawa mashine inabisha hodi kwa wa Kwanza, kisha kwa wa Pili. Akaja wa Tatu. Hivyo hivyo mpaka huyu wa sasa, wa Ishirini na Nane.

"Na kwa kila mmoja inangoja muda gani?"

"Zamani ilikuwa sekunde mbili. Wa Sita alikuwa na mguu mbovu, akakasirika. Akasema mtu mzima hawezi kubishiwa hodi na kupitwa kabla hajainuka kitini. Ndipo ikawekwa dakika ishirini."

"Bibi, hao waliotangulia ni ishirini na saba. Wako wapi sasa?"

Bi. Kuruthumu alihesabu kwa vidole, bila haraka. "Kumi na tisa wako makaburini, Mungu awarehemu. Watano hawajawahi kuwa na kompyuta nyumbani. Wawili walihamia ng'ambo. Mmoja anayo, ameiwekea chungu cha maua juu."

Sikudhani alichukua kalamu. Wakubwa ishirini na saba, kila mmoja dakika ishirini, ni saa tisa. Siku ya kazi ni saa nane. Alirudia hesabu mara ya pili, na ya tatu, kwa sababu hesabu ile aliiona ina uso wa baba yake.

*

Mkurugenzi Malimbwi aliitazama karatasi kwa makini, kisha uso wake ukang'aa.

"Kwa hiyo tulikuwa tunakosa saa moja tu! Yaani kila siku faili linafunguka kwa asilimia themanini na tisa! Kuruthumu, andika hiyo katika taarifa ya mwaka."

"Mheshimiwa," alisema Sikudhani, "naomba hiyo saa moja. Siku moja tu. Mashine isizimwe saa tisa na nusu, iachwe mpaka saa kumi na nusu. Baba yangu atatoka."

"Ningependa sana, binti yangu. Lakini Kanuni ya Umeme hairuhusu."

"Si ibadilishwe?"

"Imekwisha kubadilishwa. Mwaka wa nne huu. Waraka wa mabadiliko uko ndani ya kompyuta, unangoja kufunguliwa."

Sikudhani alijaribu njia nyingine. "Basi tuwafute hao waliokwisha kufariki."

Kikombe cha chai kilisimama hewani mkononi mwa Mkurugenzi. "Tumfute Mkurugenzi wa Kwanza? Binti, hiki kiti nilichokalia ni yeye aliyekileta!" Kisha sauti ikamlegea, macho yakamlowa machozi ya kweli. "Mimi pia nitastaafu. Nitakaa nyumbani na kisukari changu. Unataka mashine ipite mbele ya mlango wangu bila hata hodi?"

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Sikudhani zaidi. Angekuwa mbaya angemchukia, akapumzika. Mwishowe Mkurugenzi alikubali jambo moja: jina la mkubwa litaondolewa ikiwa yeye mwenyewe, au mjane wake, ataridhia kwa maandishi. Akampa fomu ishirini na saba.

*

Sikudhani alianza na mjane wa Mkurugenzi wa Tisa, Mama Zamoyoni, kwa kuwa alikaa karibu. Alimkuta jikoni akikanda unga wa chapati, akaeleza shida yake yote, ya baba na ya mashine.

Mama Zamoyoni aliacha kukanda. "Unasema inambishia hodi mume wangu? Kila siku?"

"Kila siku, mama. Inamngoja dakika ishirini."

"Dakika ishirini," alirudia mama yule polepole. "Watoto wangu watano, wa kuwazaa mwenyewe, hawajakanyaga hapa tangu Idi ya mwaka juzi. Wizara nzima imesahau hata siku aliyozikwa. Na wewe umekuja nitie saini ili hata hiyo mashine iache kumwulizia?"

Sikudhani alikuwa amekuja na hasira za miaka mitano, akamkuta mwanamke mwenye unga mikononi ambaye hana wa kumtembelea. Akaikunja fomu akairudisha mkobani, na machozi yakamtoka, si ya mama yule peke yake wala ya baba yake peke yake.

Wakati huo huo sauti ikatoka nje, mlangoni. "Hodi! Hodi wenyewe!"

Mama Zamoyoni hakuinuka, mikono imejaa unga. Kutoka ua wa pili, jirani aliyekuwa akianika nguo akaitikia kwa sauti, "Karibu! Pita tu, yupo jikoni!" Na muuza maziwa akapita, akamimina maziwa, akaaga, akaenda zake.

Sikudhani alimtazama muuza maziwa mpaka alipopotea kwenye kona. Kisha akasimama ghafla hata kibao alichokalia kikaanguka.

"Mama," alisema, "jirani yako ameitikia hodi yako wewe. Amekosea?"

"Akosee nini? Hodi huitikiwa na yeyote aliyepo nyumbani. Ingekuwa ni mwenye nyumba peke yake, si wageni wangeota mizizi nje?"

"Na kama mtu angemwitikia marehemu mzee? Akasema karibu, kwa niaba yake?"

Mama Zamoyoni alifikiri, akajifuta pua kwa kiwiko. "Angekuwa amefanya jambo jema. Alikuwa mtu wa watu, mume wangu. Hakupenda mgeni asimame nje."

*

Stoo ya Idara ilikuwa na ile kompyuta ya zamani, bado imefunikwa kitambaa chake cha kufuma. Sikudhani aliiwasha, akaiunganisha na mtandao, akaipa majina ishirini na saba ya wakubwa, kuanzia wa Kwanza. Hakumfuta hata mmoja. Kisha akaifundisha neno moja tu la kujibu.

Asubuhi ya Alhamisi, saa moja na nusu, Karani Mkuu alibofya faili la Mzee Lukinga mbele ya mashahidi wawili. Akaanza kukunja mikono apate kukaa, kama kawaida yake. Hakuwahi. Barua ilikuwa imetandazika kwenye kioo, herufi kwa herufi, pamoja na nembo ya Taifa.

Ofisi nzima ikapiga kelele. Shahidi wa kwanza aliingia chini ya meza. Shahidi wa pili, mtu wa dini, alianza kusoma dua ya safari. Mkurugenzi, aliyekuwa ametoka kuitikia hodi yake mwenyewe mezani, alikuja mbio na leso shingoni, akasoma yaliyoandikwa pembeni mwa kioo: Mkurugenzi wa Kwanza, Karibu. Mkurugenzi wa Pili, Karibu. Na kuendelea hivyo mpaka wa Ishirini na Saba. Akavua kofia.

"Wamejibu?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Wamejibu, mheshimiwa."

"Wote? Hata wa Nne? Huyo alikuwa hajibu hata alipokuwa hai."

"Naye amejibu."

Sikudhani alichapa barua akaiweka mbele yake. Kalamu ya Mkurugenzi, iliyokuwa haijagusa barua kwa miaka mingi, iligoma mara mbili kutoa wino. Ya tatu ikakubali, akatia saini. "Wakubwa ishirini na saba wameridhia," alisema. "Mimi ni nani nikatae?"

Ndiyo, alianza na ya baba yake. Mimi simlaumu, na wewe usimlaumu. Lakini baada ya hiyo hakuondoka. Alitoka nje akauliza benchi zima, mmoja mmoja, jina na shida, akafungua na kuchapa, na Mkurugenzi akatia saini kama mtu aliyepagawa. Kuna mama aliyepata hati ya shamba lake, na mwalimu aliyepata uhamisho alioomba ili amfuate mchumba ambaye sasa ana watoto wanne kwa mwingine. Kengele ilipolia saa tisa na nusu zilikuwa zimetoka barua mia tatu na arobaini.

Ni vizuri hakungoja kesho.

*

Kwa sababu kesho yake habari zilimfikia Waziri. Alisoma taarifa iliyoonyesha kwamba Wakurugenzi ishirini na saba waliotangulia walijibu kila mmoja chini ya sekunde moja, mara mia tatu na arobaini, pasipo kukosa. Mkurugenzi aliyepo, Malimbwi, alikuwa amechelewa kujibu mara sita, kwa sababu alikwenda msalani.

"Inakuwaje," Waziri aliliuliza Bunge, "marehemu waitikie, na mtu mwenye mapafu yake mawili akae kimya?"

Malimbwi akastaafishwa siku hiyo hiyo, jina lake likaingizwa kuwa la ishirini na nane katika orodha ya kubishiwa hodi, akaachiwa na kompyuta yake aitikie akiwa nyumbani, jambo ambalo wasemao wanasema lilimfariji sana. Marehemu kumi na tisa walipandishwa vyeo. Nishani za Uchapakazi ziliwekwa juu ya makaburi yao kwa gwaride, na waraka ukatolewa ukiwataka watumishi walio hai waige mfano wa wenzao. Mkurugenzi mpya hakuteuliwa, kwa kuwa waliopo walionekana kutosha. Mafaili sasa yanafunguka papo hapo, na barua zinachapwa kwa maelfu. Kuhusu nani wa kuzitia saini, Wizara inalitafakari.

Sikudhani hakuwepo kuyasikia hayo. Alikuwa amekwenda gerezani, na barua kifuani.

Mkuu wa Gereza aliisoma kutoka juu mpaka chini. "Barua haina tatizo," alisema. "Tatizo ni mzee."

"Amefanya nini?"

"Amezidisha. Hapa imeandikwa atoke miaka mitano iliyopita. Muda wote huu amekaa humu bila kibali, analala kwenye kitanda cha serikali. Itabidi aandike barua ya kuomba radhi."

Mzee Lukinga akaletewa kalamu. Akaandika kwa mwandiko mzuri wa kizamani, "Naomba radhi kwa kukaa sana," barua ikagongwa muhuri, na lango likafunguliwa.

*

Alikuwa amekonda, nywele zote nyeupe, viganja vigumu kwa kokoto. Walikumbatiana. Kisha wakaketi kwenye ukingo wa mtaro, ng'ambo ya barabara, kwa sababu miguu ya mzee ilikuwa imesahau kwenda mbali.

"Sikudhani, mwanangu."

"Abee, baba."

"Sasa tuko wawili. Usinifiche. Ilikuwa lipi?"

"Lipi nini, baba?"

Mzee alitia mkono mfukoni akatoa karatasi iliyochakaa kwa kukunjwa, imejaa maandishi madogo pande zote mbili. "Mwanzo nilijua ni ile miayo. Lakini hakimu alisema miayo si kosa. Nikakaa mwezi. Nikakaa mwaka. Nikasema, serikali nzima haiwezi kumweka mtu bure. Lazima kuna watu wazito wameketi mahali wananichunguza, na wamegundua jambo. Nikaona heri nami nijichunguze, niwasaidie." Akaikunjua karatasi juu ya goti. "Nimepata makosa arobaini na moja. Kuna kuku wa jirani, nilikuwa kijana. Kuna siku nilimwambia mama yako neno baya, wiki ile aliyofariki. Kuna mpaka wa shamba la Mzee Shomvi, niliusogeza hatua mbili. Mimi nilidhani ni huo mpaka. Ndio huo?"

Sikudhani aliitazama ile karatasi. Uongo ulimjia mdomoni, tena uongo wa huruma: angesema ndiyo, ni mpaka, na baba yake angepumua. Lakini alikuwa amechoka na miaka mitano ya watu wapole waliomwambia maneno ya kumfariji.

"Baba, hakuna aliyekuwa anakuchunguza. Hakuna aliyekuwa anakufikiria hata kidogo. Mashine ilikuwa inabisha hodi kwa watu waliokufa, na ilikuwa inazimwa kabla haijamaliza. Walikosa saa moja."

Lori la mchanga likapita, vumbi likawafunika, likatulia. Mzee Lukinga hakujifuta.

"Saa moja?"

"Saa moja, baba."

Sauti ya mzee haikuwa na hasira, na Sikudhani alitamani ingekuwa nayo.

"Ungeniambia wamenichukia, mwanangu. Chuki ningeielewa."

Kisha akaikunja ile karatasi taratibu, akaifuata mikunjo yake ya zamani mmoja baada ya mwingine, akabaki ameishika mkononi, maana hakujua ampe nani.